Pete Ndani ya Duveti

Duveti la marehemu lilikuwa na joto.

Gerlinde Häfele aliutoa mkono haraka, kisha akajicheka. Mama mkwe wake alikuwa na majuma matano kaburini. Chumba kile cha juu hakikuwashwa moto tangu siku ya mazishi, kwa kuwa Gerlinde hakuona sababu ya kuchoma kuni kwa ajili ya kitanda kitupu, na vioo vya dirisha vilikuwa bado na ukungu wa baridi. Lakini katikati ya duveti lile la manyoya, pale panapofunika kifua, palikuwa na joto la mtu aliyeamka sasa hivi kwenda chooni.

"Ni jua tu," alijiambia.

Dirisha lilitazama kaskazini. Jua halikuwahi kuingia chumba kile tangu nyumba ijengwe.

Gerlinde hakuwa mwanamke wa kubabaishwa na mambo madogo. Dharau ilikuwa dawa yake ya kila kitu. Aliinywa asubuhi kabla ya kahawa. Alimdharau padri kwa namna alivyofagia ngazi zake. Alimdharau mumewe Eugen, ambaye alikuwa mpole mpaka paka wa nyumbani walimpita mlangoni kwanza. Alimdharau Mama Mauch, mjane wa ng'ambo ya barabara, kwa kosa ambalo pale kijijini ni kubwa kuliko uzinzi: alitoa matandiko yake dirishani saa nne asubuhi na kuyaacha yaning'inie mpaka mchana. Majira ya baridi yakiisha tu, kila dirisha la barabara ile hutandazwa duveti na mito ipate hewa, na kila mwanamke huyajua matandiko ya mwenzake kuliko anavyomjua mumewe. Saa mbili yawe nje, saa tatu na nusu yawe ndani. Anayechelewa ni mvivu, na mvivu hasalimiwi kwa moyo.

Lakini aliyemdharau kupita wote alikuwa mama mkwe, Walburga. Mwaka ule bibi kizee alilalamika majira yote ya baridi.

"Linde, mwanangu, hili duveti linanielemea. Ni kama kuna mtu kanikalia kifuani."

"Ni zile keki unazokula saa kumi na mbili jioni," Gerlinde alimjibu. "Keki ndiyo imekukalia."

Asubuhi moja ya Februari alikuta bibi amekufa, mdomo wazi, na juu ya ulimi nyoya moja jeupe. Gerlinde aliliondoa kwa vidole viwili kabla Eugen hajapanda ngazi. Hakuogopa. Aliona haya: majirani wangesemaje wakisikia kwamba nyumba ya Häfele ina duveti linalovuja?

Sasa chumba kile kingekuwa cha Uta. Uta alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto wake wa pekee, aliyempata baada ya mimba tatu kuharibika. Mbele ya Uta ulimi wa Gerlinde ulikuwa mkali kama kawaida, lakini mkono wake uliteleza wenyewe kumfunga skafu shingoni. Kwa Pasaka alitaka mtoto awe na chumba cha mtu mzima. Wakabandua karatasi za ukutani, wakapaka chokaa, wakatundika mapazia ya manjano, wakalitoa godoro uani wakalichapa mpaka vumbi likakoma. Kitanda kilisuguliwa kwa sabuni na soda. Duveti peke yake lilibaki likimngoja Bwana Rapp.

Bwana Rapp alipita mara moja kwa mwaka na lori lenye mashine ya kusafishia manyoya, akaliegesha mbele ya kanisa. Wanawake walipanga foleni. Alipasua duveti, mashine ikanyonya manyoya, ikayapiga mvuke na kuyakausha, kisha ikayajaza kwenye kitambaa kipya. Naye pia Gerlinde alimdharau. Mtu anayezunguka nchi nzima hana hata ngazi yake mwenyewe ya kufagia, na mtu asiye na ngazi ni mtu gani? Kwa hiyo, kama wote wenye akili pale kijijini, alikuwa amelipima duveti nyumbani kwa mizani ya viazi. Manyoya mazuri ya bata bukini huibiwa.

Katikati ya kazi Bwana Rapp alizima mashine. Alikuwa ameingiza mkono ndani ya duveti na uso wake ukabadilika. Akatoa kitu taratibu.

Ilikuwa pete. Ukubwa wa sahani, unene wa kidole, imesukwa kwa manyoya matupu, kila nyoya limeingia ndani ya lenzake, bila uzi, bila gundi, yote yameelekea upande mmoja. Mama Mauch, aliyekuwa nyuma kwenye foleni, akafanya ishara ya msalaba.

"Nani alilala na hili duveti?" Bwana Rapp aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama mkwe."

"Yu hai?"

"Angekuwa hai ningemfunika nini, gazeti?"

Bwana Rapp hakucheka. "Sikiliza, mama. Baba yangu alizikuta mbili katika maisha yake. Mimi hii ndiyo ya kwanza. Humu kuna jinamizi. Linakukalia kifuani ukilala, na kadiri unavyolala ndivyo linavyosuka. Siku pete inapofunga, ncha kwa ncha, mwenye kitanda anaondoka duniani. Hii imefunga, imeshamaliza kazi. Niache niichome hapa hapa. Ikirudi kwenye kitanda cha mtu aliye hai, itafumuka na kuanza upya."

"Mwache aichome, jirani," Mama Mauch akanong'ona. "Kuna ubaya gani?"

Hapo ndipo angenyamaza mtu mwingine yeyote. Gerlinde alichukua mfuko uliojazwa manyoya, akaupachika kwenye mizani aliyokuja nayo kapuni, akakunja uso.

"Zimepungua gramu hamsini na tano."

"Ndiyo hiyo pete, mama."

"Basi irudishe."

"Mama, umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia. Kila mwaka unakuja na ujanja mpya. Mwaka jana ilikuwa wadudu wa nondo, mwaka huu jini. Hayo ni manyoya ya bata wa nyumba yetu. Ukitaka kuchoma, kachome ya kwenu."

Bwana Rapp aliwatazama wanawake waliosimama pale. "Wote mmesikia. Ameitaka mwenyewe." Akaichukua pete kwa koleo, akaitumbukiza, akashona. Kisha akanawa mikono, akanawa tena, na duveti la Mama Mauch akakataa kuligusa mpaka kesho yake.

Gerlinde alirudi nyumbani ameshinda.

Usiku wa kwanza Uta alilala vizuri. Siku ya tatu alishuka kunywa chai akiwa amevimba macho.

"Mama, kuna kitu kinanikaba."

"Kinachokukaba ni vile vitabu vya mapenzi unavyosoma kwa tochi."

"Sisomi, Mama. Nashindwa hata kuinua mkono. Kinakaa hapa." Akajigusa kifuani. "Kinapumua."

Gerlinde alimpa mkate wenye siagi nyingi na kumwambia aache uvivu. Lakini wiki ya pili Uta alianza kupumzika katikati ya ngazi kama mwanamke wa miaka themanini. Daktari alisema damu imepungua, akaandika vidonge. Mama Mauch alileta supu ya kuku katika sufuria iliyobonyea, akaketi na Uta jikoni, akamchekesha. Gerlinde aliimimina supu kwenye sufuria yake nzuri na kuirudisha ile iliyobonyea ikiwa imesuguliwa mpaka inang'aa, ili mwenyewe aone jinsi sufuria inavyotakiwa kuwa.

Kila asubuhi saa mbili alilitoa duveti dirishani. Kila asubuhi lilikuwa zito zaidi. Mwanzoni alilibeba kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha akawa analiburuta. Lilinuka. Halikunuka sabuni wala mvuke. Lilinuka kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu. Na asubuhi moja isiyo na upepo, matandiko ya barabara nzima yakiwa yametulia kwenye madirisha yake, Gerlinde alisimama uani na ufagio, akainua macho, akaona duveti lake peke yake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, polepole, kama ubavu wa ng'ombe anayecheua, na kila liliposhuka lilitoa sauti ndogo ambayo aliijua, maana alikuwa ameisikia majira yote ya baridi kupitia ukuta wa chumba cha mama mkwe na kuiita keki.

Alipanda juu. Akalipapasa duveti kwa nje. Chini ya kitambaa kipya vidole vyake vilikuta kitu kigumu, akakifuata: kilizunguka, kikazunguka, kikakoma. Kati ya mwisho mmoja na mwingine pengo lilikuwa la vidole vitatu.

"Manyoya yameshikana," alisema kwa sauti. Akaificha mikono yake chini ya aproni, akaidharau.

Usiku ule alimlaza Uta sebuleni chini ya blanketi za sufu. Asubuhi alimkuta bado sebuleni, lakini duveti lilikuwa juu yake. Eugen aliapa hakuligusa. Pengo lilikuwa la vidole viwili.

Ilikuwa Ijumaa Kuu. Gerlinde alipanda basi hadi kijiji cha pili alikoegesha Bwana Rapp. Alimkuta akitia mafuta mashine. Safari hii hakuwa na mizani.

"Niitolee," alisema.

"Siwezi. Nilipoitoa niliomba kuichoma, ukaidai. Sasa ni yako."

"Nitafanya nini? Ni mwanangu, Bwana Rapp. Sina mwingine."

Kwa mara ya kwanza Bwana Rapp alimtazama bila kinyongo. "Libebe wewe mwenyewe. Mpaka msituni, nyuma ya kinu cha kusagia, mahali pasipo na kitanda karibu. Pasua, umwage yote kwenye upepo, usibakize hata nyoya moja, usihesabu, usipime. Likikosa kitanda litanyauka. Lakini nenda leo, mama. Leo leo."

Alirudi saa kumi na nusu. Watu walikuwa wametoka kanisani wamesimama barabarani, na kutoka nyumbani kwake hadi kwenye kinu kulikuwa na madirisha thelathini na moja. Gerlinde alijiona akipita mbele ya madirisha yote hayo na duveti begani kama mtu aliyefukuzwa kwake, manyoya mazuri ya bata bukini akienda kuyatupa, naye akiulizwa kuna nini. Kuna nini kwenye matandiko ya Häfele? Kunguni? Moyo wake ulikataa. Angengoja Jumapili, kijiji chote kikiwa kwenye misa ya Pasaka. Vidole viwili vingetosha mpaka Jumapili. Akalifungia duveti chumbani juu, akaweka ufunguo mfukoni mwa aproni.

Jumamosi saa tatu kasoro alikuwa akikanda unga wa mkate wa Pasaka alipogundua kuwa hajamsikia Uta kwa muda. Sebuleni hakuwapo. Gerlinde alipanda ngazi akiwa na unga mpaka viwikoni, akakuta mlango wa chumba cha juu uko wazi na ufunguo bado umo mfukoni mwake, na mapazia yale ya manjano, na chokaa mpya, na kitanda kilichosuguliwa, na katikati ya usafi wote ule mtoto wake amelala chali mchana kweupe, midomo ya rangi ya zambarau, macho wazi yakimtazama mama yake bila kuweza kuita, na duveti juu yake limebonyea kifuani, shimo la mtu aliyekaa, shimo lenye mapaja, shimo lenye visigino, na ndani ya duveti kitu kikisuka haraka haraka, kikikwaruza kama panya, kwa kuwa kilikuwa kimebakiza kidogo tu.

Hakuwaza msitu. Alilikamata kwa mikono yote miwili, likamvuta, akalivuta, akalifikisha dirishani na kulipasua kwa meno. Kitambaa kilichanika kutoka juu hadi chini. Kitu kama pumzi ya zizi kilimpita usoni, na manyoya yote yakatoka kwa mkupuo mmoja, meupe, maelfu, yakafunika anga la barabara.

Nyuma yake Uta alivuta hewa kwa sauti kubwa, akakohoa, akaanza kulia.

Gerlinde alicheka kwa furaha, kisha akatazama chini. Ilikuwa saa tatu. Kila dirisha la barabara lilikuwa limetandazwa matandiko yake, na manyoya yalikuwa yakitua juu yake taratibu, moja hapa, matatu pale. Pete ilishuka mwisho, ikielea imelala, pengo lake halizidi ukucha. Ikavuka barabara. Ikatua katikati ya duveti la Mama Mauch, lenye mirabaraba myekundu, ambalo siku ile, kwa maajabu, lilikuwa limetolewa mapema. Lilididimia kidogo pale katikati. Pete haikuonekana tena.

Mama Mauch alitoka dukani na mkate kwapani, akashangaa theluji ile ya Aprili. Aliinua mkono. "Jirani! Uta vipi?"

Gerlinde alifungua mdomo. Angesema maneno manane tu ya kumwonya. Lakini barabara nzima ilikuwa imetoka madirishani, wote wakitazama kitambaa kilichochanika mkononi mwake, na kusema maneno yale ilikuwa kusema mbele yao wote ni kitu gani kilicholala katika nyumba yake.

"Hajambo!" alijibu. Akafunga dirisha.

Uta alikula Pasaka kwa pupa, nyama na vyote vilivyoandamana nayo, akataka tena. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Gerlinde kufagia njia. Mama Mauch alivuka barabara taratibu, akasimama kushika uzio.

"Linde, mwanangu, nikuulize kitu utanicheka. Asubuhi hizi nikitandika kitanda, duveti nalikuta lina joto. Hata nikiwa nimeamka zamani, nimeshakunywa kahawa. Hapa katikati."

Gerlinde hakuinua macho. Alifagia mahali palipokwisha kuwa safi.

"Ni jua tu, jirani."

"Eti?" Mama Mauch aligeuka akalitazama dirisha lake, ambalo mti wa jozi ulilikinga mwaka mzima, akajishika kifua kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. "Haya. Wewe unajua zaidi mambo ya matandiko."

"Jua," Gerlinde alisema tena, akaendelea kufagia.