Ukuta wa Ezron Uliong'aa

Ndugu zangu mnaojenga, na ninyi mnaowatazama wenzenu wakijenga, nisikilizeni.

Pale kijijini Hasamba waliishi ndugu wawili, Ezron na mdogo wake Damiano. Nyumba zao, za matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu, zilitenganishwa na shamba dogo la kahawa. Mama yao Ketrina, mgonjwa wa pumu, alikaa kwa Ezron. Jioni walikula viazi pamoja na kucheka.

Masika moja Damiano aliwaalika waumini kwa sala. Mvua ikanyesha, na watu wakaona maji yakiteleza ukutani kama kwenye jani la gimbi, kwa maana wakati wa kiangazi alikuwa amepaka dawa ya kuzuia maji.

"Hii ndiyo nyumba ya mfano," akasema mzee wa kanisa.

Ezron alipiga makofi na wenzake, lakini moyo ulimchoma. Yeye ndiye mkubwa! Yeye ndiye aliyemfundisha Damiano kushika mwiko wa uashi! Tangu siku hiyo viazi vya pamoja vikaisha. Kila akipita aliutazama ukuta ule kama mume anayemtazama mkewe akicheka na mwanamume mwingine.

Mwishowe alikwenda Tunduma, akavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akarudi na ndoo za vanishi nzito.

"Ya Damiano haionekani hata kidogo," alimwambia mkewe Violet. "Yangu itaonekana toka barabarani."

Damiano alipoziona ndoo, alikuja mbio.

"Kaka, usipake sasa. Matofali yameshiba maji, na chini ya dirisha la mama pana ufa. Tuuzibe, tungoje kiangazi. Tena hiyo inaweka ngozi juu. Unyevu utatokea wapi? Yangu inapenya ndani ya tofali, ukuta unaendelea kupumua."

"Sema tu unaogopa kupitwa."

"Kaka!"

"Ondoka kwangu, Damiano."

Mnaona? Mwenye wivu hata akionywa kwa upendo husikia dharau.

Ezron akapaka. Ukuta ukameremeta, wapita njia wakasimama kuutazama, naye akalala usingizi mtamu. Raha hiyo haikudumu. Maji yaliendelea kuingia kwenye ufa, na yalipokosa pa kutokea nje, yakahamia ndani. Ukuta ukatoa malengelenge; vanishi ikabanduka na vipande vya matofali. Chumba cha mama kikaota ukungu mweusi, na kifua chake kikaanza kukoroma.

"Mume wangu, tumhamishie kwa Damiano," Violet alimsihi. "Kwake ni pakavu."

"Ili watu waseme nimeshindwa kumtunza mama yangu? Hatoki mtu hapa."

Asubuhi moja, Ezron akiwa shambani, mama alikosa pumzi kabisa. Violet hakungoja ruhusa. Alimwita Damiano, wakamkimbiza hospitali Vwawa. Ezron alipofika alimkuta mama yake akipumua kwa barakoa ya oksijeni. Mama akaisogeza kidogo ili aseme.

"Ulinilaza kwenye maji, mwanangu, ili nani akusifu?"



Mama alipona, akahamia kwa Damiano. Kiangazi kizima Ezron aliikwangua vanishi yake, na Damiano, bila kuitwa, alishika upande wa pili wa ukuta. Walibadilisha matofali yaliyoliwa, wakaziba ufa, wakangoja ukuta ukauke, kisha wakapaka dawa ya kupenya. Mvua ziliporudi, chumba kilibaki kikavu. Ezron akaenda kwa furaha kumchukua mama yake.

"Nitakuja kukutembelea," mama alimjibu kwa upole. "Lakini kulala, nitalala hapa."

Ezron akarudi peke yake kupitia shamba la kahawa.

FUNZO

Usichague dawa ya ukuta kwa macho ya jirani. Ziba nyufa, acha ukuta ukauke, na tofali lipe dawa inayozuia mvua bila kufungia unyevu ndani. Zaidi ya hayo, usimwonee wivu ndugu yako. Ukuta ulioharibika hukwanguliwa ukapakwa upya; mama aliyeumizwa kwa ajili ya sifa anaweza kukusamehe, na bado asirudi.