Kizibo cha Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Chiriku aliingia bafuni, akainua ndoo iliyokaa chini ya kibomba cha tangi la maji ya moto, akaimwaga chooni na kuirudisha palepale. Tangi lilifungwa ukutani juu ya mlango, jeupe, nene kama pipa. Kibomba chembamba kilishuka kutoka ubavuni mwake, na ncha yake ilidondosha maji mchana na usiku: to, to, to.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake, kwa kuwa alikuwa haishiwi maneno. "Huyu akinyamaza," baba alikuwa akisema, "mjue kuna jambo." Baba alifariki msimu wa mvua. Alitoka asubuhi kwenda kazini akiwa mzima, jioni wakaja watu kuwaambia. Tangu siku hiyo Chiriku alijibu alichoulizwa tu.

Tangi lile alilifunga baba kwa mikono yake. Kila mwaka alizima umeme, akafungua koki ya chini na kuyatoa maji yenye tope la rangi ya chai. Kisha alichomoa fimbo ya chuma iliyokaa ndani, ile inayoliwa na kutu ili tangi lenyewe lisiliwe, akaweka nyingine. Chiriku ndiye aliyemshikia tochi.

Baada ya msiba, dada yake baba, ambaye naye ni fundi bomba, alikuja na mfuko wake wa spana. "Wifi, niliangalie lile tangi. Muda wake umefika."

"Liache, wifi," mama alisema. "Pale ndipo mkono wake ulipobaki. Asiliguse mtu."

Shangazi alimtazama, akaufunga mfuko. Naye alikuwa kwenye majonzi, hakutaka kubishana.

Miezi ikapita, tangi likaanza kudondosha. Mwanzoni ilikuwa kikombe, baadaye ndoo nzima. Siku moja ndoo ilifurika wakiwa hawapo, maji yakapenya sakafu na kushuka nyumba ya chini. Jioni jirani wa chini alimsubiri mama kwenye ngazi.

"Mama Chiriku, kitanda changu kimelowa! Mumeo angekuwepo tusingefika hapa."

 Mama alipanda ngazi taratibu akishika ukuta, akaingia chumbani na kufunga mlango. Chiriku alimsikia akilia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeuma shuka.

Kesho yake shuleni, kijana wa yule jirani alimzunguka na wenzake. "Jamani, kwetu siku hizi mvua inanyesha chumbani! Chiriku, leo mtafungulia saa ngapi, nije na mwavuli?"

Watoto walicheka. Chiriku aliumia, lakini kilichomuuma zaidi ni kile kilio cha mama. Aliporudi nyumbani, kabla mama hajafika, alichukua kipande cha mti wa ufagio, akakichonga ncha kwa kisu, akakizungushia nailoni. Alipanda juu ya stuli, akakipachika kwenye mdomo wa kibomba na kukigonga kwa mchi mpaka kikakaza.

To, to, to ikakoma.

Alitaka kumwambia mama usiku uleule. Lakini mama alipotoka bafuni uso wake ulikuwa umebadilika. Alikaa kitini, akamvuta mapajani mdogo wake Chiriku, waliyemwita Bonge.

"Mmesikia? Limenyamaza lenyewe," mama alisema, akatabasamu. Walikuwa hawajaliona tabasamu hilo tangu msiba. "Baba yenu huyo. Hata huko aliko anatutunza."

Bonge aliuliza, "Kwa hiyo baba amekuja kutengeneza?"

"Kwa namna yake, mwanangu."

Chiriku alifumba mdomo. Angesemaje? Maneno yake yangemrudisha mama kule alikotoka. Siku zilizofuata aliamka, akaikuta ndoo tupu, na badala ya kufurahi alikwepa macho ya mama.

Haukupita muda tangi likaanza kunguruma. Lilikuwa kama sufuria yenye mawe jikoni. Maji ya bomba yakaja na mvuke, yakikohoa na kutema. "Limezeeka tu," mama alisema. "Hata mimi nanguruma siku hizi."

Kisha ikafika asubuhi ambayo Bonge alifungua koki anawe mikono. Maji yalimrukia kwa kishindo. Ukelele wake ulifika mpaka nyumba ya chini, na jirani, licha ya yote, alipanda mbio na kuumwagia maji baridi mkono ule mpaka wakampeleka zahanati. Ngozi ya kiganja ilikuwa imetoka. Bonge alirudi amefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, hana sauti tena ya kulia.

Shangazi alikuja jioni kumjulia hali. Hata kabla hajakaa, aligeuza kichwa kuelekea bafuni.

"Ni nini kile kinachonguruma?"

"Tangi," mama alisema. "Maji yake yamekuwa makali. Nitamwogesha Bonge kwa kopo, nikichanganya na ya baridi."

"Kile kibomba cha pembeni, hakidondoshi?"

"Kilikuwa kinadondosha, kikaacha chenyewe. Kaka yako amekitengeneza, wifi. Mimi najua."

Shangazi aliinamisha kichwa. Kusikia habari za kaka yake kulimlegeza. Machozi yalimlengalenga, akaketi. Mama alimpa Chiriku kopo. "Kamkingie mdogo wako maji ya kuoga. Polepole."

Chiriku alifika mlangoni mwa bafuni. Juu ya kichwa chake tangi lilitetemeka hadi chokaa ya ukutani ikadondoka begani kwake. Alimtazama mama. Alimtazama Bonge na mkono wake mweupe wa bendeji. Kopo likamwanguka.

"Siyo baba!" alipiga kelele. "Ni mimi! Mimi nimekiziba kibomba kwa mti wa ufagio!"

Shangazi hakuuliza mara ya pili. Aliruka hadi kwenye swichi kuu akazima umeme. "Wote nje! Sasa hivi! Asiguse mtu koki yoyote!" Alishuka akigonga milango ya majirani. Kijana wa nyumba ya chini alitoka na soksi moja mguuni, safari hii bila mzaha.

Walikaa uani mpaka usiku, wakilisubiri lipoe.  Mama alimpakata Bonge, na hakumtazama Chiriku.

Asubuhi shangazi alikichomoa kizibo, akayatoa maji, akalishusha tangi. Ubavu mmoja ulikuwa umevimba, na chini ya rangi chuma kilikuwa kimeanza kuchanika. Ile fimbo ya ndani ilikuwa imeliwa yote, umebaki waya.

"Kifaa cha kukata umeme maji yakishapata moto kilikuwa kimekufa, maji yakawa yanachemka bila kikomo," alisema. "Kile kibomba ndicho kilichokuwa kinalipumulia. Tulipokiziba tuliliziba pua."

Mama alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya ule uvimbe.  Hatimaye alisema, "Lichukueni."

Kisha akamwita Chiriku. 

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulitabasamu, mama."

Mama alimvuta kifuani, wakalia wote wawili. Shangazi aliwaacha, akafuta spana zake, kisha akasema:

"Chiriku, kumfurahisha mtu kwa uongo ni kumwekea moto chini ya kitanda. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama mtu atalia. Na sisi wakubwa tusikie pia. Wifi, kaka yangu hakulitunza tangi kwa kulipenda. Aliwapenda ninyi. Tulipoacha kulisafisha eti kwa heshima yake, tuliiacha kazi yake."

Tangi jipya lilifungwa palepale, kibomba chake kikashushwa bila kizibo mpaka kwenye shimo la kutolea maji. Mwaka ulipozunguka, shangazi alikuja na mfuko wake. Chiriku alifungua koki ya chini mwenyewe, akieleza kila hatua bila kupumzika, na mama ndiye aliyemshikia tochi. Bonge alikinga ndoo kwa mkono wake wa kulia. Ule wa kushoto ulikuwa umepona, lakini vidole viwili havikunyooka tena.