Risasi ya Arlys Iliyokwama Mtutuni

Daraja la magogo liliporomoka chini ya gurudumu la mbele, na pikapu ya akina Hovland ikatumbukia kijitoni kwa pua. Vern, kwa haraka zake, aliruka kabla gari halijatua. Mguu ukabanwa kati ya gogo na mlango, ukavunjika chini ya goti.

Mkewe, Arlys, alimkokota hadi ukingoni, akaufunga mguu kwa mpini wa koleo. Injini ilikuwa majini, honi bubu, simu haikushika mtandao. Lakini ulikuwa msimu wa kulungu, na wawindaji walitapakaa kwenye milima yote ile ya Montana. Wakisikia milio mitatu inayofuatana kwa vipimo sawa, wangejua kuna mtu taabani.

Bunduki yao ilikuwa ya kukoki kwa wenzo, na tumboni mwake mlikuwa na risasi nne za kutengenezwa nyumbani. Arlys ndiye aliyeyeyusha vyuma vya kubalansia tairi, akatia bati kidogo, akamimina kwenye kalibu kupata vichwa vyake. Vern alijaza baruti kwenye maganda.

Arlys aliinua mtutu, akafyatua.

Pfut.

"Huo nao mlio?" Vern aliguna. "Hata sungura hashtuki."

Arlys alivuta wenzo, akachungulia. Mtutu ulikuwa giza tupu. "Imekwama ndani."

"Si nilikwambia? Unamimina risasi laini kama siagi! Piga nyingine, itaisukuma."

"Mtutu unipasukie usoni?"

"Mwoga wewe."

"Na wewe jasiri uliyeruka kutoka garini?"

Akaondoa risasi tatu zilizobaki. Hakutulia. Alizunguka gari, akapanda ukingo, akashuka, akajaribu kijiti hiki na kile. Vyote vilikuwa vimepinda. Upepo ulianza kupeperusha theluji. Midomo ya Vern ikawa ya kijivu.

Ndipo alipoiona antena ya gari.

Aliing'oa, akaivunja ibaki kipande kinachozidi mtutu kidogo tu. Akaipaka mafuta ya bekoni ya mkate wao wa mchana, akaitumbukiza, akagonga kwa jiwe. Taratibu, isije ikapinda.

"Haitoki hiyo," Vern alisema.

"Itatoka."

"Kichwa kigumu kama mama yako."

Akagonga. Ngozi ya vidole ikachubuka. Vern hakusema tena.

"Vern! Mama yangu amekufanya nini? Sema!"

Macho ya Vern yalikuwa yamefumba. Hofu ilimshika Arlys hata jiwe likamponyoka. Akaliokota, akagonga, akagonga tena, na kitu kikaangukia kiganjani. Risasi yake, nzima, haina hata pengo.

Akazitikisa zile tatu sikioni moja baada ya nyingine. Baruti ilichakacha ndani. Akapiga ya kwanza, akasubiri, akapiga ya pili, akasubiri, akapiga ya tatu.

Mlima ulinyamaza. Kisha mlio mmoja ukajibu ng'ambo ya bonde.

Wawindaji wawili walifika na nyumbu wa kubeba mizigo, wakamfunika Vern mablanketi, wakamnywesha kahawa. Alipofumbua macho, aliona vidole vya mkewe vinavuja damu.

"Ile iliyokwama, baruti nilisahau mimi kuitia," alisema. "Nilikuwa nazijaza huku natazama mpira."

"Nilijua. Tangu ilipolia pfut."

"Sasa mbona uliniacha nikutukane mchana kutwa?"

Arlys akalia waziwazi, mbele ya wageni.

"Ulipokuwa unanitukana, ulikuwa hai."