Bibi Choleng Hakuacha Mzazi Njiani

Mnaniuliza kila siku kwa nini sura mpya haiji. Wengine mmeanza kunitukana. Haya, kaeni niwaambie, halafu mtajua wenyewe kama mnaitaka bado.

Jioni ile mama alinitumia ujumbe nimpelekee sukari na kahawa msibani. Alikuwa huko tangu asubuhi akiosha vyombo. Aliyefariki ni Bibi Choleng, mkunga wa zamani wa mtaa wetu, aliyenizalisha mimi, dada yangu Maricel, na nusu ya watu wa San Roque. Maricel mwenyewe hakuweza kwenda. Alikuwa na mimba kubwa, na huku kwetu mwenye mimba haonyeshwi maiti. Mumewe yuko melini. Nikamwacha kitandani na feni yake, nikatoka.

Jeneza lilikuwa sebuleni, kioo juu, mishumaa pembeni. Uani wanaume wanacheza karata. Jovy, mjukuu wa marehemu, akanivuta hadi karibu na jeneza.

"Weng, wewe ndiye unaandika ile ya Elena, sivyo?"

Nikaona aibu. Mnajua hadithi yenyewe. Ile tamthilia ya jioni iliyokatishwa ghafla Elena akiwa mjamzito, mimi nikaiendeleza mtandaoni kwa kichwa changu.

"Umejuaje?"

"Yule anayejiita Mkunga, anayekuwa wa kwanza kuandika maoni... ni bibi. Mimi nilikuwa namsomea, anasema, naandika."

Mkunga! Miezi yote hiyo nilidhani ni kijana anayenitania. *Mlaze ubavu. Mpe maji ya tangawizi. Usimwache peke yake.* Ndiyo maoni yake hayo. Nami nilimwacha Elena katikati ya uchungu, wiki baada ya wiki, kwa sababu kila nilipochelewa wasomaji waliongezeka. Nilikuwa nacheka nikisoma mnavyolia.

"Alikuwa anakuulizia mpaka mwisho," Jovy alisema. "Alisema hajawahi kuondoka mzazi akiwa bado na uchungu. Simu yake tumemwekea humo ndani. Imezima, lakini aliipenda."

Nikachungulia. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa rozari. Simu ilikuwa ubavuni.

Mama alinikuta mlangoni nikivaa kandambili.

"Usiende nyumbani moja kwa moja. Pita dukani kwa Mang Tino, kaa hata kidogo, ndipo uende."

"Najua, mama."

"Unajua nini? Dada yako yuko vile. Pita."

Huku kwetu mtoto mdogo anajua hilo. Ukitoka msibani unapita mahali pengine kwanza, dukani, kwa mwoka mikate, popote, ili marehemu aliyekufuata abaki huko. Nami ningepita. Lakini sura ilikuwa imeshanijia kichwani. Nilitaka kumzalisha Elena jioni ile ile, iwe zawadi ya Bibi Choleng. Anayeandika anajua, maneno yakija moto ukiyaacha yanapoa. Duka la Mang Tino lilikuwa wazi, taa inawaka. Nikalipita.

Nilipofungua mlango wa nyumbani, Maricel aliita kutoka chumbani.

"Umekuja na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu."

Nikasikia kitanda kinalia, amejiinua.

"Basi mwambie huyo mwenzako avue viatu."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Ila harufu ilikuwepo... mafuta ya nazi na tangawizi. Harufu ya mikono ya Bibi Choleng.

Simu ikalia mkononi mwangu. Maoni mapya.

*Mkunga: Nimefika. Endelea.*

Nilijipa moyo. Nikasema Jovy huyo, ana huzuni, anacheza. Nikampigia mama. Haikuita. Nikampigia Jovy. Kimya. Nikaenda kufungua mlango nitoke, komeo halikutoka. Nililivuta kwa mikono miwili hadi ngozi ikachubuka. Madirisha yetu yana nondo. Kitu pekee kilichofunguka kwenye simu kilikuwa ukurasa wangu mtupu, tayari kuandikwa.

Chumbani Maricel akaguna.

"Weng. Chupa imepasuka."

Nilimkuta ameshika chuma cha kitanda, shuka limelowa. Tarehe yake ilikuwa bado mbali.

"Nani ananikanda mgongo?" alininong'oneza. "Mikono ya baridi."

Mimi nilikuwa mbele yake.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nawaambia kweli, nilitamani nisielewe. Bibi alikuja kwa mzazi aliyeachwa njiani. Elena hana mwili. Dada yangu anao.

Nikatupa simu chini. Niliapa siandiki hata neno. Maumivu ya Maricel yakakoma pale pale, na mimi mjinga nikashukuru. Kisha nikaona midomo yake inageuka rangi.

"Weng... mtoto hachezi tena."

Nikaokota simu, nikaandika nimepiga magoti sakafuni. *Elena akavuta pumzi.* Maricel akavuta pumzi. *Uchungu ukarudi.* Ukarudi, akauma mto. Kila nilipokosea, maoni yalikuja.

*Mkunga: Mapema. Asisukume bado.*

Nikafuta.

*Mkunga: Mgeuze ubavu.*

Niliandika amegeuzwa. Godoro likabonyea upande wa pili, upande usio na mtu, na dada yangu akageuzwa taratibu na mikono nisiyoiona. Nilikuwa nalia huku naandika. Sikuthubutu kuinua macho. Nilitazama herufi tu.

*Mkunga: Sasa.*

*Elena akasukuma,* niliandika. *Mtoto akatoka, mzima, akalia.*

Akalia.

Mama alirudi dakika hiyo hiyo. Alisukuma mlango kwa kidole, ukafunguka. Alimkuta Maricel amelala na mtoto wa kike kifuani, amepanguswa, amefungwa kitenge, kitovu kimekatwa na kufungwa kwa uzi. Mama aliutazama ule uzi muda mrefu.

"Nani kafunga hivi? Hata chako kilifungwa hivi hivi."

"Weng," Maricel alisema. "Nani mwingine?"

Mama aligeuka akanitazama mimi.

"Kwa Mang Tino ulipita?"

Niliinama nikaanza kukunja shuka lililolowa. Naye hakuuliza tena.

Kliniki walimpima Maricel wakasema yuko salama, kila kitu kimetoka, tumbo ni tupu. Tukamzika Bibi Choleng. Mtoto tukampa jina Soledad, jina la ubatizo la Bibi Choleng, tukidhani tumelipa. Mimi nikaanza kulala tena. Nikaandika sura ya furaha, Elena ananyonyesha dirishani, nikaweka neno *Mwisho*. Mlifurahi sana, nakumbuka. Mlinitumia mioyo mpaka simu ikapata moto.

Chini kabisa kulikuwa na maoni ya mtu mmoja.

*Mkunga: Mmoja ametoka. Wa pili je?*

Sikuelewa. Nikarudi nyuma kusoma, sura moja baada ya nyingine, mpaka mwanzoni kabisa, zile nilizoandika ovyo nikiwa bado sina wasomaji. Nikaikuta sentensi. *Daktari akatabasamu: nasikia mioyo miwili.* Niliandika mapacha, jamani, kwa mbwembwe tu, kisha nikasahau. Hakuna kati yenu aliyekumbuka. Yeye alikumbuka, nanyi mlipoyaona maoni yake mkaanza kudai sura ya wa pili. Mkunga hasahau hesabu ya tumbo.

Nikaifuta ile sentensi. Maricel alipiga ukelele huko uani alikokuwa akianika nepi, akaanguka, na ukelele haukukoma mpaka nilipoirudisha neno kwa neno.

Mchana wa jana aliniita.

"Weng, weka mkono hapa."

Tumbo lake limekuwa gumu tena. Nikaweka mkono. Kikapiga teke, kwa nguvu.

"Kliniki walisema hamna kitu," aliniambia. Alikuwa anajaribu kutabasamu. "Sasa hiki ni nini?"

Sijui niseme nini kwa dada yangu. Soledad ana baba, yuko melini, anatuma picha kila siku. Hiki hakina baba. Hakikutungwa na mtu mwingine ila mimi, kwa sentensi moja ya mbwembwe. Nikiandika, kitatoka, na sijui kina uso gani kwa sababu sikuwahi kukipa uso. Nisipoandika, Bibi haondoki. Usiku namsikia akikaa kwenye kiti kilichoko kati ya kitanda cha Maricel na mlango.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja. Mkimaliza kusoma hapa, nendeni zenu kimya. Msiandike *endelea*. Nimekaa karibu na Maricel tangu asubuhi nikichunguza, na sasa nina hakika.

Kila mmoja wenu anapoliandika neno hilo, tumbo la Maricel linashuka kidogo, na kilichomo kinakaribia kutoka.