Kioo Kipya cha Restituta

Haya yalimpata rafiki yangu Restituta, mpiga picha wa hapa Nsemulwa. Kamera yake ni ya filamu, na kile kioo cha ndani anachotazamia kilikuwa kimefifia. Mumewe Gervas alimwonea huruma, akamwagizia kingine. Hicho huugawa katikati uso wa anayepigwa picha. Ukizungusha lenzi mpaka nusu ya juu na ya chini zikutane, picha inatoka safi.

Alikibadilisha mchana chumbani, dirisha limezibwa kwa kitenge ili vumbi lisiingie. Mtoto wao Faith alikuwa amelala. Malaria ilikuwa imemwachia jana yake tu, na Restituta kila mara alitulia kusikiliza anavyopumua.

"Ukikosea hapo, Mama Faith, wateja watatoka na vichwa viwili," Gervas alinong'ona.

"Nyamaza, utamwamsha."

Alipomaliza, akamlenga mtoto katika giza lile, akazungusha lenzi. Nusu mbili za uso zikakutana.

"Ona sasa, umemwamsha. Anatuangalia."

"Nani? Amelala huyo. Msikilize."

Restituta alishusha kamera. Faith alikuwa amefumba macho, anakoroma taratibu. Akatazama tena kwenye kioo. Nusu ya chini, mdomo ulikuwa umetulia usingizini. Nusu ya juu, macho yalikuwa wazi.

Akamwambia Gervas ambebe mtoto, amtoe nje. Alisikiliza hatua zao mpaka zikaishia uani, kisha akafunika lenzi kwa kifuniko chake.

Kioo kikawa cheusi. Katikati ya weusi ule, macho yalikuwa bado wazi, yanamtazama yeye.