Mgeni wa Meza ya Sita

Sauti ya kutafuna ilisikika kwanza Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, mgahawa ukiwa haujafunguliwa. Amne alikuwa jikoni anakata bamia. Alidhani ni Jonathan, mwenye mgahawa, anaonja kuku, lakini Jonathan alikuwa nje akikwangua theluji. Sauti ile ilitoka ukumbini, taratibu, yenye adabu, kama ya mtu anayetafuna amefumba mdomo. Alipochungulia hakuona mtu. Viti vyote vilikuwa vimepachikwa juu ya meza isipokuwa kimoja, cha meza ya sita, kilichovutwa nyuma kidogo. Aliposhika kikalio chake akakikuta kina joto.

Mgahawa ulikuwa Gamla Stan, mji mkongwe wa Stockholm, ndani ya chumba cha chini ya ardhi kilichojengwa kwa mawe yapata miaka mia nne iliyopita, dari yake imepinda kama tumbo la pipa. Watu waliupenda. Ulikuwa na viti vya buluu, mishumaa mchana kweupe, na vyakula vya Marekani ya kusini: kuku wa kukaanga, bamia kwa nyanya, na unga mweupe wa mahindi usiojulikana kama ni uji au ugali. Jonathan, mzaliwa wa Bukavu, alipovionja mara ya kwanza alisema hii ni sufuria ya bibi yake, iliyovushwa bahari kwa minyororo.

Kila siku saa tano, kabla ya wateja, watatu wao walikula kwenye sinia moja: Jonathan, Amne, na Gladness, mhudumu aliyetoka Moshi. Jumatatu, siku moja kabla ya sauti ile, Amne akiwa na tonge mdomoni, alimwona mwanamume wa koti la kijivu amesimama kwenye ngazi akilitazama sinia. Akasema, "Karibu." Hakufikiri. Alizaliwa hapahapa Stockholm, lakini nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Tensta, hakuna aliyepita karibu na chakula bila kuambiwa neno hilo, na kila mpitaji alijua jibu lake: asante, nimeshiba. Mmoja anatoa, mwingine anakataa, na heshima ya wote inabaki palepale. Mtu yule hakujibu. Aliteremka kidato kimoja. Gladness akauliza anamkaribisha nani, na Amne alipotazama tena, ngazi ilikuwa tupu.

Jumatano harufu ikaja, ya sukari iliyoungua juu ya chuma kibichi. Chumvi ilikuwa ileile, mafuta yaleyale, lakini chakula kilikuwa kama machicha, nazi ikishakamuliwa tui lote. Watu walikula wasishibe, na kwa kutoshiba wakakasirika. Vikongwe wawili waliokula pamoja kila Jumatano walianza kunong'onezana mambo ya mwaka wa sabini na mbili; mmoja akammwagia mwenzake maji usoni. Alhamisi Jonathan, ambaye hakuwahi kumwinulia mtu sauti, alimwambia Gladness kwamba anatembea kama ng'ombe mwenye mimba. Gladness alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, akaondoka.

Amne mwenyewe alijikuta ameshika kisu, anamkumbuka mwalimu wa darasa la tatu aliyelichekea jina lake. Alikuwa hajamfikiria kwa miaka ishirini. Sasa alimchukia kwa raha, kama mtu anayeota moto.

Alipomweleza Jonathan habari ya koti la kijivu, Jonathan hakucheka. Alitazama ngazi, akasema kwa sauti ya chini, "Miaka mia nne kasimama pale, dada. Na Waswidi hawa, hata rafiki ya mtoto wao akija saa ya chakula, anangoja chumbani mpaka wamalize. Nani angemwambia karibu? Mpaka umekuja wewe."

Yote hayo Amne angeyavumilia kama isingekuwa Jumamosi. Jumamosi mama yake na mdogo wake Mohammed walikuwa waje kula hapo, kwenye meza moja, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Baba yao alifariki akiwa Tanga, safarini, usiku uleule ambao Josefin, mke wa Mohammed, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mama na Amne walipanda ndege. Mohammed alibaki. Bi Mwanahija, mama yao, alisema mtoto angezaliwa hata baba yake asingekuwapo, lakini mzazi hazikwi mara mbili. Mohammed alisema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Tangu hapo hawakuonana, na msichana aliyezaliwa usiku ule, Tiana, bibi yake hakuwahi kumtia machoni. Amne alitumia majira mawili ya baridi kuwashawishi. Kila mmoja alikubali kwa sharti moja: mara hii tu.

Alifikiri kuhamishia chakula kwake, Rissne. Ijumaa alipofungua mlango wa nyumba yake harufu ya sukari ilimlaki, na jikoni kulikuwa na mtu anatafuna taratibu, amefumba mdomo. Basi akajua. Hakuwa mgeni wa mgahawa. Alikuwa wake.

Jumamosi saa sita walifika. Mohammed alitoka kwake Hässelby, amemshika Tiana mkono. Josefin alikuwa zamu kazini. Bi Mwanahija alivaa baibui chini ya koti zito, akaketi bila kumtazama mwanawe. Jonathan, ambaye asubuhi ile kwa makusudi hakuonja kitu ili asikasirike, aliwapa meza ya nne na kuleta sahani. Mwanzoni walizungumza juu ya baridi. Tiana alimwuliza bibi yake, kwa Kiswidi, kwa nini mikono yake ina maua. Bi Mwanahija alianza kutabasamu, akaonyesha hina yake.

Kisha wakala. Amne aliona tonge la kwanza likimshuka mama yake kooni, akaona macho yake yakikaza, na kutoka meza ya sita, nyuma ya mgongo wa Mohammed, kutafuna kukaanza, si kwa adabu tena bali kwa haraka, na kadiri mama alivyoinua sauti kusema kwamba mwanamume anayemwacha baba yake azikwe na mikono ya majirani asishangae siku mwanawe atakapompita njiani kama jiwe, na kadiri Mohammed alivyojibu, uso umemvimba, kwamba yeye hakutaka mwanawe alelewe na mwanamke anayewapenda waliokufa kuliko walio hai, ndivyo meno yale yalivyosaga kwa kasi, na mate yakasikika, na pumzi ya mtu mwenye njaa aliyefikishiwa sahani aliyoingoja wiki nzima, na mishumaa ikainamia upande ule kama nyasi, na Tiana akaziba masikio yake, si kwa makelele ya wakubwa, maana alikuwa ameigeukia meza ya sita na kuikodolea macho.

Bi Mwanahija alimwona mtoto. Alinyamaza katikati ya neno. Akasikiliza.

"Amne," alinong'ona. "Umemkaribisha nani hapa?"

Amne alimweleza. Mohammed aligeuka, akaona kiti kinachosogea chenyewe karibu na meza, akarudisha uso haraka. Hakuna aliyeinuka. Bi Mwanahija aliuliza tu kama mtu yule alijibu alipokaribishwa. Amne akasema hapana.

"Tumtoe, Mama. Nimwite sheikh?"

"Mgeni hafukuzwi, mwanangu. Ukimfukuza anarudi na haki yake. Mgeni husindikizwa. Na haondoki mikono mitupu."

Amne alinyosha mkono kwenye sinia la kuku. Mama yake akamzuia.

"Hicho si chakula chake. Huyu anakula hiki tulichokuwa tunalishana sasa hivi."

"Mimi ndiye niliyemkaribisha. Nitamsindikiza mimi."

"Utamfungashia nini wewe? Kijihasira cha wiki moja?" Bi Mwanahija alivaa koti lake, akafunga vifungo kimoja kimoja. "Mimi ninacho cha miaka minne. Kitamtosha mpaka kwao."

Mohammed alisimama. Alisema ngazi zina barafu, atamshika mkono, wataenda pamoja. Mama yake alimtazama, mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akamtazama Tiana, aliyekuwa amejibanza kwenye paja la baba yake.

"Kaa na mtoto," alisema. "Mtoto haachwi."

Mohammed alikaa kama mtu aliyekatwa miguu. Maneno hayo aliyangoja miaka minne.

Bi Mwanahija alikwenda mpaka meza ya sita, akaizungumzia hewa kwa sauti ya mwenye nyumba anayeaga. "Haya baba, umekula. Twende nikutoe." Kiti kilirudi nyuma. Akapanda ngazi polepole, na wote wakasikia miguu ya watu wawili.

Bi Mwanahija alikaa nje saa moja na nusu. Jonathan alikwenda kumtafuta mpaka ukingoni mwa maji, kwenye vivuko, akarudi bila habari. Harufu ilikuwa imekwisha. Amne aliionja bamia, ikawa tamu mpaka machozi yakamtoka. Mohammed alikuwa akipanga kichwani jinsi atakavyomwomba mama yake radhi.

Mama akarudi. Pindo la baibui lilikuwa limelowa, na uso wake ulikuwa laini, mikunjo iliyokaa kati ya nyusi haipo. Alimshika Mohammed mashavu yote mawili. "Umekonda, baba," alisema, akambusu. Kisha akamwona Tiana, akauliza huyu mtoto mzuri ni wa nani. Alipoambiwa aliangua kicheko, akampakata, akawagombeza kwa upendo: mjukuu mkubwa hivi, nao wamemficha?

Mohammed alifungua mdomo kuomba radhi, akaufunga.

"Na baba yenu?" Bi Mwanahija alitazama meza, akahesabu sahani kwa kidole. "Chakula kinapoa. Yuko wapi?"

Amne alihisi hasira inapanda, yake mwenyewe sasa, safi, isiyotafunwa na mtu. Alitaka kukimbilia nje, amdai yule mwenye koti arudishe miaka minne aliyopewa, maana alikuwa amefungashiwa zaidi ya alichostahili. Lakini mama yake alikuwa anacheka na mjukuu.

"Yuko Tanga, Mama," alisema Mohammed.

"Basi mpigie. Mwambie sote tuko hapa."

Mohammed alitoa simu, akaiweka sikioni, na mama yake akamtazama akitabasamu, mkono ameunyosha, akingoja zamu yake ya kuongea.