Barua Iliyobaki Kwenye Mashine ya Tatu

Siku ya soko, pale mpakani Kavimvira hupiti bila kukanyagwa. Wauza nyanya wa ng'ambo wanasukumana na wabadilisha fedha, wanajeshi wanapekua vikapu, mpekuaji na mpekuliwa wote wananuna. Katikati ya vurumai hiyo, mwaka ule wa 2002, chini ya mwavuli wa bluu uliotoboka, palikuwa na meza, na juu ya meza mashine ya chapa, na nyuma ya mashine Ezéchiel, kijana wa Kalundu, shati jeupe, pasi kali. Alitumia vidole viwili tu, lakini vidole vyenyewe! Mtu akitaka kuomba kazi, kumshitaki jirani kwa mbuzi aliyekula muhogo, au kumbembeleza mke aliyekimbilia kwao, alikwenda kwa Ezéchiel.

"Papa, ni weye unaandika barua?"

Aliinua macho akiwa tayari kukasirika. Hasira ikamponyoka. Mbele yake alisimama msichana mwenye kitenge cha kijani na nywele za mabutu mapya, na viatu vyenye tope la mashamba ya mpunga. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Papa? Minye iko na miaka ishirini na nane!"

"Basi pardon, ndugu."

"Na ndugu pia hapana."

Msichana akacheka. Jina lake Pudentienne, akasema, wa Nyakabere, na alitaka barua ya kuomba nafasi pale chuoni Mulongwe, katika somo jipya la kujifunza Windows.

"Windows ni nini?"

"Ni ile inaongoza ordinatere, kompyuta. Unaifungua, unapanga kazi zako ndani, unaizima. Miezi miwili, unapata attestation, cheti chako."

"Na mashine yangu hii?"

Pudentienne aliitazama mashine ya chapa, akatikisa kichwa taratibu. "Hii ni ya kuonea huruma."

Mtu mwingine angemwambia hivyo, angefukuzwa pale mezani. Ezéchiel aliandika barua ile kwa ufundi wake wote, akaipuliza, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kitenge cha kijani kilipopotea katika watu, alichomeka karatasi nyingine akaandika barua ile ile tena, neno kwa neno, ila jina lilikuwa lake.

Monsieur Thaddée, mwalimu, hakuwa mjinga. Siku ya kwanza aliinua barua mbili juu mbele ya wanafunzi kumi na wawili.

"Hii namba tano na hii namba sita zimefanana mpaka mkato. Hawa wawili wanapenda kunakiliana. Wakae pamoja, mashine ya tatu!"

Kompyuta zilikuwa sita, kila moja watu wawili. Mmoja alishika kipanya, mwenzake klavye ya herufi, na baada ya nusu saa wanabadilishana. Nje jenereta inanguruma, ndani hakuna wa kusikilizana, kwa hiyo ilibidi watu wasogeleane wanong'one sikioni. Nani alilalamika? Si Ezéchiel.

"Ezéchiel!" mwalimu alipaza sauti. "Hiyo klavye imekukosea nini? Gusa, usipige!"

"Anadhani iko Kavimvira," alisema Pudentienne, naye wakati huo ameshika kipanya hewani, anakielekeza kwenye kioo, na anashangaa kwa nini hakuna kinachotembea.

Walijifunza kufungua dirisha na kulifunga. Walijifunza kutengeneza folda na kuweka folda ndani ya folda, na hapo ndipo kazi za watu zilipoanza kupotea. Kila siku ilikuwa, "Monsieur, zoezi langu limekimbia!" Thaddée alichoka. Akapita mashine zote, akaweka juu ya kioo cha kila moja kialama kidogo chenye mshale uliopinda.

"Ukitaka kazi yako, bonyeza hapa, itafunguka. Ni nini, kimetoka wapi, msiniulize. Hayo ni somo la sita."

Na wao hawakuuliza. Walibonyeza, kazi ikafunguka, maisha yakaendelea.

Mapenzi nayo yaliendelea. Baada ya darasa walishuka pamoja hadi ufukweni, wakanunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, kwenye karatasi, wakala wamesimama, macho kwenye ziwa. Ezéchiel alimwita Puda. Yeye alimwita Karani. Hata hivyo kila Pudentienne alipouliza lile swali moja, kijana mwenye maneno ya watu wote alikimbilia karatasi.

"Karani, unataka nini kwangu? Sema."

"Nitakuandikia."

"Minye iko hapa mbele yako! Unaandikia nani?"

"Puda, mdomo wangu unaharibu mambo. Mkono wangu hapana."

"Haya, mheshimiwa. Nangoja posta."

Alitania, lakini kulikuwa na jambo. Tante Candide, dada wa baba yake aliyekaa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amemtafutia kazi ya ukarani huko, naye alitaka jibu. Kisha Oktoba ikaja na habari mbaya. Wapiganaji wanashuka kutoka milimani, walisema watu, na mji utapata wenyewe wapya. Nyumbani Nyakabere waliamua binti avuke mpaka.

"Jumapili navuka," alimwambia Ezéchiel, na safari hii hakutabasamu hata kwa upande mmoja. "Tante anangoja: nabaki kwake moja kwa moja, ama narudi. Kama uko na kitu cha kuniambia, nikisikie kabla sijamjibu."

Jumamosi mchana Ezéchiel aliomba ufunguo kwa Thaddée, akakaa peke yake mbele ya mashine ya tatu. Akaandika. Kurasa mbili! Alieleza tangu ule mwavuli wa bluu, akaeleza anavyoshindwa kulala, akaeleza nyumba anayoijenga Kalundu chumba kwa chumba, na mwisho akamwomba awe mke wake. Alikuwa hajawahi kuandika barua kama hiyo kwa mteja yeyote. Akaihifadhi kwenye folda yao. Kisha akachomeka disketi, akakikamata kile kialama chenye mshale, akakivuta mpaka kwenye disketi, akakiachia. Akafungua kuhakikisha: kialama kile pale! Akakibonyeza, folda yao ikafunguka, na barua imo ndani. Akajipigia makofi mwenyewe.

Kesho yake milio ilianza kusikika upande wa milima. Barabara ya Kavimvira ilijaa magodoro, mbuzi na masufuria. Alimkuta Pudentienne karibu kabisa na kizuizi, ameshika mkoba kifuani, akamsukumia disketi iliyofungwa kwenye leso.

"Soma ukiwa peke yako."

"Yote iko humu?"

"Yote."

Msukumo wa watu ukamchukua hadi ng'ambo.

Juma lile mji ulibadilisha wenyewe mara mbili. Ezéchiel na mama yake walilala chini ya kitanda Kalundu wakila muhogo mkavu, mama anasali, mwanawe anahesabu: leo Puda amesoma ukurasa wa kwanza, leo wa pili, leo anafikiri. Bunduki zilipotulia hakungoja hata kunawa. Alikwenda mbio hadi Kavimvira, kwa Mama Gloriose mwenye kibanda cha simu ya mtandao wa ng'ambo, akapiga namba ya Tante; akapokea Pudentienne.

"Puda! Mpenzi! Ni minye!"

"Nimekusikia." Sauti ilikuwa baridi.

"Uko muzima?"

"Muzima."

"Ile... ile disketi. Uliifungua?"

"Niliifungua."

"Na... ulichokuta humo?"

Mama Gloriose aliacha hata kutafuna.

"Nilichokuta humo kilinitosha, Ezéchiel. Nimekuelewa. Tafazali usiniandikie tena."

Simu ikakatwa. Jamani, mtu umwandikie kurasa mbili za roho yako, akujibu hivyo! Ezéchiel alirudisha simu mezani polepole.

"Amekataa?" aliuliza Mama Gloriose.

"Amekataa."

"Pole, mwanangu. Pengine uliandika maneno mengi."

Wiki tatu baadaye chuo kikafunguliwa. Wezi walikuwa wamepita humo wakati wa vurugu, wasijulikane ni nani. Kompyuta mbili hazikuwepo, na moja yao ilikuwa ya tatu. Ezéchiel aliitazama meza tupu kwa uchungu. Alikuwa bado amesimama hapo mlango ulipofunguka, akaingia Pudentienne. Sketi ya bluu iliyobana, viatu vya kisigino, nywele zimenyooshwa. Bujumbura nzima ilikuwa mwilini mwake.

"Bonjour, Monsieur," alimwambia Thaddée. "Nimekuja kumaliza somo. Tante anataka attestation. Kesho narudi, na Jumatatu naanza kazi."

Akapita mbele ya Ezéchiel bila kumtazama, akaenda kukaa kwa Marcellin, kijana mmoja mwenye marashi makali. Ezéchiel akabanwa kwenye mashine ya kwanza na wenzake wawili. Moyo wake uliuma kweli, si uongo.

"Somo la sita, la mwisho," alisema Thaddée, akapangusa chaki mikononi. "Vile vialama vyenye mshale. Vinaitwa raccourci. Nani anajua ni nini?"

Hakuna aliyejua.

"Sikilizeni basi. Kile kialama si kazi yako. Ni kibao tu, kama vile vya barabarani. Kinasema: kazi iko kule, fuata njia hii. Ukikifuta, kazi yako haifi. Na ukikivuta ukakitia kwenye disketi, ukaenda nayo mbali, umebeba kibao tu. Nyumba umeiacha. Ukifungua kule, mashine inatoa picha ya kurunzi, inatafuta, inatafuta..."

"Inatafuta," Pudentienne alisema kwa sauti ndogo, "halafu inasema haikuona kitu."

"Hasa! Umejuaje?"

Pudentienne aligeuza shingo taratibu, kisigino kikalia sakafuni. Ezéchiel alikuwa tayari amesimama, uso umemwiva, mikono juu ya kichwa.

"Puda! Haikufunguka?"

"Kurunzi tu!" Na sasa yule wa Bujumbura akatoweka, akabaki binti wa Nyakabere, amekasirika na machozi yanamtoka. "Ofisini kwa Tante, watu watatu nyuma yangu, nimewaambia leo mtaona barua ya Karani wangu! Kurunzi inazunguka, inazunguka, halafu hakuna! Tante alicheka mpaka akakaa chini. Nikasema, kumbe huyu ananichezea, amenipa kitu kitupu aniondoe njiani!"

"Niliandika kurasa mbili!"

"Ziko wapi?"

Wote wakatazama meza tupu. Hata Marcellin alitazama.

"Zimeibiwa," alisema Ezéchiel.

Jenereta iliendelea kunguruma. Thaddée aliweka chaki chini, akavuta kiti, akakaa. Alikuwa na miaka ishirini ya ualimu, alijua somo linapobadilika.

"Basi sema," alisema Pudentienne. "Kwa mdomo. Hapa."

"Nitakuandikia leo leo, nakwenda kuchukua ma..."

"Ezéchiel. Kesho minye navuka."

Hapo akaelewa. Hakuna mwavuli, hakuna karatasi, hakuna mashine ya kujifichia. Watu kumi wanamtazama. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola.

"Mimi niliyetia sahihi hapo chini," alianza, "nina heshima kubwa ya kuja mbele ya..."

Darasa likaangua kicheko. Pudentienne hakucheka. "Hiyo ni ya ofisi. Sitaki ya ofisi."

"Sijui ingine!"

"Iko. Tafuta."

Ezéchiel akatembea kutoka mashine ya kwanza hadi alipokuwa yeye, akasimama, mikono haijui iwekwe wapi.

"Puda. Usivuke. Ama vuka lakini urudi. Nilikuwa naogopa kusema kwa sababu ukikataa karatasi, naweza kuichana. Ukinikataa minye, sijui nitafanya nini. Nakupenda. Nataka uwe mke wangu. Ni hivyo tu. Zile kurasa mbili zilisema hivyo hivyo, lakini kwa urefu."

Mtu akapiga mluzi. Pudentienne alijifuta macho kwa kiganja, wanja ukamchafua shavu.

"Rudia," alisema. "Hiyo umeambia darasa. Uniambie minye."

Ezéchiel aliinama sikioni kwake, kama walivyozoea kunong'ona wakati wa jenereta, akamwambia kuwa anampenda, kwa Kirundi cha kwao Pudentienne, kwa matamshi mabaya ya mtu wa Kalundu: "Ndagukunda."

"Nanje," alijibu. "Na minye pia, bubu weye!"

Kelele zilizofuata zilifanya mlinzi wa chuo aje mbio na rungu. Thaddée alisema attestation za wote zitatoka, ila Ezéchiel atarudia somo la sita.

"Lakini kesho navuka vilevile," Pudentienne alisema walipotoka nje. "Nakwenda kumwambia Tante siichukui kazi, kwa mdomo wangu, si kwa simu. Attestation hii nitaitafutia kazi hapa hapa. Na weye tunakwenda pamoja. Kwetu posa inaanza kwa shangazi. Uyaseme tena mbele yake."

"Mbele ya Tante? Huyo aliyecheka mpaka akakaa chini?"

"Huyo huyo."

Asubuhi Kavimvira ilikuwa imejaa kama kawaida. Ezéchiel, aliyevaa koti la kaka yake lenye mikono mirefu, alifika kwenye dirisha la karatasi za kuvukia. Miaka sita alikuwa akiwajazia wengine. Afisa alishangaa.

"Karani! Leo unavuka weye? Sababu ya safari?"

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kalamu. Pudentienne akaushika, akaushusha. Foleni nzima ikangoja.

"Nakwenda kuposa!" alisema Ezéchiel, kwa sauti iliyofanya hata wauza nyanya wageuke.

"Kumposa nani?"

"Huyu."

Afisa alimtazama msichana, akamtazama kijana, akatazama mikono ilivyoshikana. "Unatoka naye hapa, unakwenda kumposa kule?"

"Iko Tante," alisema Ezéchiel.

"Ahaa." Muhuri ukashuka, pa! "Basi piteni upesi. Hao matante hawapendi kungojeshwa."